Dira ya usanifu huandikwa kabla ya kutangaza zabuni ya mfumo

Dira ya usanifu ni maelezo mafupi ya uamuzi wa viongozi kuhusu jinsi kazi, taarifa na mifumo ya taasisi vitakavyoshikana. Ikikosekana, mfumo unaweza kugharimu sana. Mwaka 2011 kampuni ya maduka ya Lidl, ya Ujerumani, ilianza mradi ulioitwa eLWIS wa kujenga upya mfumo wake wa bidhaa kwa programu za kuendesha biashara za kampuni ya SAP. Mwaka 2018 uongozi ukausimamisha. Vyombo vya habari vya huko vilitaja gharama ya takriban yuro milioni 500.

Programu za SAP zinaendesha makampuni makubwa dunia nzima, kwa hiyo ubovu wa programu haukuwa kiini. Tatizo lililotajwa sana lilikuwa la kihasibu. Lidl ilizoea kuthaminisha mali ya stoo kwa bei ya kununulia, wakati programu ya rejareja ya SAP, kama ilivyokuja, ilitumia bei ya kuuzia. Chukua katoni ya mafuta ya kula uliyoinunua kwa shilingi 60,000 na unayotarajia kuiuza kwa 72,000. Ikiwa bado iko stoo, vitabuni iandikwe ngapi? Jibu lako linagusa hesabu ya faida, punguzo la bei, bidhaa zilizoharibika na taarifa ya kila duka. Lidl haikuacha utaratibu wake, ikabidi programu ndiyo ibadilishwe iufuate, na marekebisho ya namna hiyo hayaishii sehemu moja.

Swali kama hili hujibiwa na mkurugenzi na mhasibu wake mkuu. Mtaalamu wa kompyuta akiachiwa alijibu peke yake, ataotea tu.

Ndiyo maana TOGAF, mwongozo wa usanifu wa taasisi wa The Open Group, jumuiya ya viwango vya teknolojia, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1995, unaweka dira katika Awamu A, kabla ya kuchora michakato ya kazi, taarifa, programu na mitambo. Kwa bahati mbaya, dira nyingi ninazoletewa nizipitie zinasema "kuboresha huduma kwa kutumia TEHAMA". Sentensi hiyo haimzuii mtu kufanya lolote. Idara tano zinaweza kununua mifumo mitano isiyosomana na zote zikawa zimeitekeleza.

Dira inayofanya kazi ina uamuzi ndani yake, na kuna mtu itamnyima kitu. Watanzania tunao mfano tunaoutumia kila siku: GePG, mfumo wa malipo ya Serikali ulioanza mwaka 2017. Uamuzi wake mwananchi anaweza kuueleza kwa pumzi moja: ukitaka kuilipa taasisi ya umma, unapewa kwanza namba ya malipo, kisha unalipia benki au kwenye simu. Benki, kampuni za simu na taasisi zenyewe, kila mmoja alijua aunganishe nini na wapi.

Jambo la pili ambalo dira lazima iseme ni nani mwenye kila taarifa. Hapa nakaa zaidi, maana hapa ndipo miradi mingi inapoumia. Niliwahi kuketi kaunta siku nzima katika taasisi moja iliyotaka mfumo mpya. Mteja alikuwa Mohamed mapokezi, Mohammed kwa wahasibu na Muhammad stoo. Dada wa kaunta alikuwa na kaunta buku lenye jalada lililochanika, amechora safu tatu kwa rula, akioanisha majina hayo kwa mkono. Alipokuwa likizo, watu walisubiri. Hati ya zabuni ilikuwa na kurasa nyingi za mahitaji, na hakuna hata moja iliyolitaja daftari lile, ingawa ndilo pekee lililounganisha mifumo mitatu.

Tuliomba zabuni isimame kwanza. Tukaweka kaunta buku lile katikati ya meza ya menejimenti, na dada mwenyewe akaitwa aeleze safu zake. Majadiliano yalichukua wiki tatu, kwa sababu uhasibu hawakutaka kupoteza haki ya kusajili wateja, na hofu yao ilikuwa ya kweli: jina likikosewa mapokezi, hati ya madai inakataliwa kwao. Mwishowe mkurugenzi alisaini ukurasa mmoja. Mstari wake wa kwanza ulisema: "Mteja anasajiliwa mara moja, mapokezi, kwa kitambulisho chake, uhasibu na stoo wanasoma, na wakiona kosa wanalirudisha mapokezi lirekebishwe." Ukurasa huo ukawa wa kwanza kwenye hati mpya ya zabuni.