Matriksi ya sauti: nani anamsikia nani ukumbini

Kwenye ukumbi wa mikutano, waya hauamui sauti iende wapi. Unaifikisha tu kwenye kichakata sauti kilichofungwa kwenye raki, yaani kabati la vifaa. Kuanzia hapo mwamuzi ni matriksi: jedwali ndani ya programu, sauti zinazoingia zikiwa kwenye mistari ya kulala na zinazotoka kwenye safu za kusimama. Mstari unapokutana na safu kuna kitufe. Ukikiwasha, njia imefunguka. Kikiwa kimezimwa, hata waya uwe mpya, husikii kitu.

Chukua chumba cha watu 20 hapa Arusha, kwenye mkutano ambao wajumbe wengine wako Kampala au Nairobi kwa Zoom. Zinazoingia ni maiki 6 za mezani na sauti ya kompyuta kupitia USB. Zinazotoka ni spika za darini na USB inayorudi kwenye kompyuta. Jumla vitufe 14. Maiki zote ziende USB ili Kampala wasikie. Kompyuta iende spika. Maiki kwenda spika washa tu kama chumba ni kirefu na wa nyuma hawasikii, tena kwa kiwango cha chini, maana hapo ndipo spika huanza kupiga mluzi.

Kinabaki kitufe kimoja: kompyuta kwenda kompyuta. Hicho kizimwe siku zote. Kikiwashwa, mjumbe wa Kampala anajisikia mwenyewe kwa kuchelewa, anajikwaa kwenye maneno yake, kisha anauliza kama anasikika. Mafundi wengi hukimbilia kupunguza spika. Kabla ya hapo, zima amplifaya kabisa. Mwangwi ukibaki, kosa liko kwenye kitufe hicho. Ukipotea, basi sauti ilikuwa inatoka kwenye spika na kuingia tena kwenye maiki, na hiyo ni kazi ya kifuta mwangwi, sehemu ya kichakata inayoondoa sauti hiyo kwenye maiki.

Kifuta mwangwi nacho lazima kiambiwe kifute sauti ipi. Hiyo ndiyo rejea yake. Kipe sauti ya kompyuta peke yake. Ukikipa kila kinachokwenda spika, na maiki zimo humo, kitajaribu kumfuta hata mwenyekiti aliyekaa mezani, na Kampala watapata maneno yaliyokatika-katika. Kosa hili husumbua sana kwa sababu ndani ya chumba kila kitu kinasikika vizuri.

Kukiwa na wakalimani, ongeza safu ya kibanda chao (wao wasikie maiki na kompyuta) na mstari wa sauti yao uende kwenye visikizi vya wajumbe, si kwenye spika.

Kama maiki zinakuja kwa Dante (njia ya kusafirisha sauti kwa mtandao wa kompyuta), kuna jedwali la pili kwenye programu yake, Dante Controller, nalo huwekwa alama pale mstari unapokutana na safu. Anza na hilo, na hakikisha vifaa vyote viko kwenye kasi moja ya sampuli za sauti, kilohezi 48. Maiki za kondensa (zile zinazohitaji umeme ili zifanye kazi) zilizochomekwa kwa waya wa kawaida ziwashie volti 48. Kisha zungumza kwenye maiki moja baada ya nyingine, ukitazama mita (kipimo cha nguvu ya sauti) ya chaneli husika. Maiki ya 3 ikichezesha mita ya 4, rekebisha sasa, kabla hujagusa matriksi.

Ukimaliza, tuma mpangilio kwenye kifaa chenyewe na uuweke kuwa wa kuanzia. Faili lililobaki kwenye laptopu yako halitasaidia umeme ukikatika: mitambo mingi ikiwaka upya hurudi kwenye mpangilio uliohifadhiwa ndani yake.