Kinyaa cha ladha: kwa nini ubongo hulaumu chakula kigeni

Ukila kitu kisha ukaugua, ladha yake inaweza kukutia kichefuchefu kwa miaka. Hicho ndicho kinyaa cha ladha cha kujifunza. Mwaka 1955 John Garcia na wenzake walikionyesha kwa panya waliokunywa maji ya sakarini (kiongeza utamu) huku wakipigwa mionzi: baadaye waliyakwepa maji hayo. Mara moja hutosha, na ugonjwa unaweza kuchelewa hata saa kadhaa.

Sasa ubongo unaunganishaje mlo wa mchana na matapishi ya jioni? Siri ipo kwenye ugeni. Ladha ngeni ikigusa ulimi, asetilikolini, kemikali ya kupitisha ujumbe kati ya seli za neva, humwagika kwa wingi katika insula, eneo la gamba la ubongo linalopokea ladha. Ladha iliyozoeleka huimwaga kidogo tu. Kemikali hiyo huacha alama inayodumu wakati chakula chenyewe kimeshamezwa. Panya akidungwa dawa ya skopolamini kwenye insula kabla ya kuonja, vipokezi vya asetilikolini huzibwa na somo halishiki vizuri.

Habari za ugonjwa hupita njia nyingine. Sumu ikifika utumboni, seli za ukuta wake hutoa serotonini, kemikali nyingine ya ujumbe, nayo huichokoza neva ya vagasi inayopanda hadi shina la ubongo. Sumu iliyokwisha kuingia kwenye damu hunaswa na sehemu ndogo ya shina hilo ambako kizuizi kati ya damu na ubongo ni hafifu. Kutoka hapo taarifa hufika amigdala, eneo la ubongo linalohusika na hisia, kemikali ya glutameti hupanda humo, na alama ya ladha iliyokuwa ikisubiri hukazwa. Ili idumu, lazima protini mpya zitengenezwe. Dawa ya kuzuia utengenezaji huo ikiwekwa kwenye insula, kumbukumbu ya muda mrefu haijengeki.

Ndiyo maana lawama huangukia chakula kigeni, hata kama mkosaji ni kirusi. Kujua ukweli hakusaidii sana. Insula haisikilizi hoja.

Wagonjwa wa saratani hulifahamu hili, kwa kuwa dawa zao za kemikali huwatia kichefuchefu. Mbinu moja ni kula pipi yenye ladha ngeni baada ya mlo, kabla ya dawa, ili pipi ibebe lawama. Chakula unachokipenda kisiliwe karibu na dozi. Kinyaa kikishaingia, onja kidogo kidogo, mara nyingi, tumbo likiwa shwari. Kumbukumbu ya zamani haifutiki, hufunikwa tu na mpya, hivyo kinyaa kinaweza kurudi.