Kuwinda onclick kwa regeksi

Juma lililopita nilikabidhiwa tovuti ya hoteli moja ya Nyali niikaze usalama. HTML yake ni ya kizamani, kila kitufe kimebeba JavaScript yake ndani ya tagi, kwenye sifa kama `onclick`. Nilitaka kuweka Content-Security-Policy, sera inayokiambia kivinjari skripti zipi ziruhusiwe, yenye `script-src 'self'` (faili za tovuti yenyewe tu), na sera hiyo ikishakaa, kivinjari hakiendeshi tena `onclick` ya namna hiyo. Hata nonce, yaani msimbo wa nasibu wa kuruhusu skripti, haiiokoi; nonce ni ya tagi ya `<script>`, si ya sifa. Basi kabla ya kuiwasha ilinibidi nizipate zote.

Kijana ninayefanya naye kazi hapa Ganjoni alikuwa ameanza na regeksi hii, yaani ruwaza ya kutafutia maandishi:

`\bon\w+=`

Shida ni kwamba `\b` huona mpaka wa neno hata baada ya kistari, kwa hivyo `data-onclick=` nayo ikanaswa ingawa haina kosa. Akabadilisha akaweka `\son`, yaani lazima nafasi itangulie `on`. Hapo akaangukia upande wa pili, maana kivinjari hukubali mkwaju (`/`) badala ya nafasi, na hukubali hata sifa zilizogandana. Hii inafanya kazi barabara:

`<img src="bahari.jpg"onerror="badili(this)">`

Tukafika hapa, bila kujali herufi kubwa wala ndogo:

`<[^>]*[\s/"']on[a-z]+\s*=`

Halafu fomu ya kuweka nafasi ya chumba ikatuponyoka. `<input` ilikuwa mstari wake, `onchange` mistari mitatu chini, na grep, programu tuliyotafutia, husoma mstari mmoja mmoja. Ongeza `-z`, faili lote lisomwe kwa mkupuo.

Bado ina matundu. `title="Vyumba > 20"` huikatiza njiani, na `title="Lipa online=nafuu"` huinasa bure. Ndiyo maana orodha ya mwisho niliitoa kwa `HTMLParser` ya Python, inayokupa kila sifa kwa jina lake, kwa herufi ndogo. Regeksi naiamini kwa kutafuta tu. Kuchuja maoni ya wageni kwa regeksi ni kumwachia mwizi dirisha wazi, nami sikubali mtu afanye hivyo kwenye kazi yangu.

Mwishoni niliweka sera kwa Content-Security-Policy-Report-Only, inayoripoti tu bila kuzuia. Siku ya tatu ikaja ripoti moja: skripti ya picha za ufukweni ilikuwa ikiunga `'on' + tukio` na kuimwaga kwenye ukurasa kama HTML kwa `innerHTML`. Nikaihamishia kwenye `addEventListener`, inayofunga tukio kutoka ndani ya skripti yenyewe, nikawasha sera.