Mashine ya kuosha vyombo: ogopa sabuni kwanza

Nikienda kufunga mashine ya kuosha vyombo hapa Kisumu swali ni lile lile, fundi, hii kitu inatoa viini kweli? Inatoa, programu ya moto inafika digrii 60 hadi 70 na hakuna mkono utavumilia maji kama hayo. Mimi shida yangu ni sabuni.

Hii si ile sabuni ya maji unatumia kwa sinki. Imejaa magadi na silikati za kukata mafuta, na ikiingia mdomo wa mtoto inachoma ulimi mpaka koo, halafu tableti zenyewe zinang'aa kama peremende na watu wanaziweka kabati ya chini ya sinki, palepale mtoto anatambaa! Weka juu kabisa. Sabuni itiwe mwisho, ukishapanga vyombo, na mlango ufungwe hapo hapo. Mashine ikimaliza chungulia kale kasanduku ka sabuni, mara nyingi sahani imezuia kifuniko na poda imeganda ndani. Mtoto akimeza usimtapishe, itamchoma tena ikirudi. Msuuze mdomo, mpe maji kidogo kama anameza vizuri, kimbia hospitali na pakiti yake.

Sasa kuna hii ya kwetu: maji yanapotea katikati ya kuosha, ama stima. Vyombo viko ndani na vinaonekana safi, mtu anatoa anapakulia watu ugali, kumbe havijasuuzwa. Ngoja maji yarudi uanze upya, ama suuza kwa mkono.

Magadi hayo hayo ndiyo yanafanya sufuria za alumini zitoke nyeusi, kwa hivyo hizo osha na mkono, mwiko pia. Visu, ncha chini.

Stima nayo, mashine ikichemsha maji inavuta karibu wati 2,000, so hizo ekstensheni za bei rahisi achana nazo, na waya wa ardhi uwe umeunganishwa kweli, juu kuna soketi nafungua napata umekatwa tu. Radi ikikaribia chomoa mapema.

Filta toa kila wiki, mabaki ya omena yananuka vibaya. Raba ya mlango panguza na ukaushe: mwaka 2011 watafiti wa Slovenia walichapisha kwamba fangasi weusi wanaishi hapo, na wanavumilia moto na sabuni. Mwenye afya hawamsumbui sana, lakini kama nyumbani kuna mgonjwa wa mapafu ama mwenye kinga dhaifu, asiwe yeye wa kuisugua.