Maumivu ya Mgongo na Shingo: Maswali Ninayoulizwa Kila Siku, na Moja Linalochelewa Kuulizwa

Nafanya kazi katika idara ya fiziotherapia ya hospitali ya mkoa, na wagonjwa wengi huniita daktari wa mazoezi. Wenye maumivu ya mgongo na shingo ndio wanaojaza benchi letu asubuhi: wabeba mizigo wa sokoni, waendesha bodaboda, mafundi cherehani, kina mama waliolima kwa jembe la mkono tangu wakiwa wasichana, na siku hizi vijana wanaoshinda wameinamia simu. Wengi wao hupata nafuu. Ninaandika hasa kwa ajili ya wale wachache ambao wangeweza kupona vizuri, lakini wakaletwa baada ya kukandwa, kukanyagwa na kunyooshwa kwa siku nyingi huku mguu ukizidi kulegea.

Mgongo unapouma, ni kitu gani hasa kinachouma?

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazojongea: 7 za shingoni, 12 za mgongo wa kifuani na 5 za kiunoni. Kati ya pingili nyingi na zinazozifuata kuna diski, ambayo ni kama kitakia kigumu. Kwa nyuma kuna viungo vidogo, na pande zote kuna misuli na kano. Ndani ya tundu la pingili umepita ugwe mgongo, yaani kamba ya fahamu inayoshuka kutoka kwenye ubongo, na kutoka humo mishipa ya fahamu huelekea mikononi, miguuni, kwenye kibofu na kwenye njia ya haja kubwa. Kwa wagonjwa walio wengi hatuwezi kuonyesha sehemu moja iliyoharibika. Ni misuli, kano na viungo vilivyochoshwa au kustuliwa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, kwa hiyo mwenye tatizo hili hana sababu ya kudhani kwamba amerogwa.

Wengi pia huja wakiamini kwamba ni figo. Maumivu ya figo kwa kawaida hukaa ubavuni, chini ya mbavu, hayabadiliki sana ukiinama au kugeuka, na mara nyingi huja na homa au mabadiliko ya mkojo. Ukiwa na dalili hizo, pima mkojo. Ukiwa huna, acha kumeza dawa za kusafisha figo.

Tiba ya kairopraktiki ni nini, na hiyo inayoitwa ya upole ina tofauti gani?

Ni tiba ya mikono inayoshughulikia viungo, hasa vya uti wa mgongo. Ilianzishwa na Daniel David Palmer mwaka 1895 katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, na wataalamu wake husomea kwa miaka kadhaa. Katika nchi zetu ni wachache na wengi wao wako katika miji mikubwa. Wagonjwa walio wengi watakutana na mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye naye hufundishwa kusogeza viungo kwa mikono.

Njia za upole haziusukumi wala kuuzungusha mgongo kwa ghafla. Mtaalamu hukisogeza kiungo polepole, akienda na kurudi, bila kuvuka mpaka ambao kiungo chenyewe kinaruhusu. Au humlaza mgonjwa kwenye meza inayopinda taratibu na kukinyoosha kiuno. Au hutumia kifaa kidogo cha mkononi kinachogonga kwa nguvu ndogo. Mgonjwa anaweza kusema "hapo basi" wakati wowote, na mtaalamu anaacha. Jambo ambalo ningependa kila mgonjwa alijue ni kwamba kabla ya mkono wa mtaalamu kugusa mgongo, lazima kuwe na maswali na vipimo: maumivu yalianza lini, usiku unalala, umepungua uzito, mkojo unatoka vizuri, vidole vya miguu vinainuka, magoti yanaitikia nyundo ndogo. Anayeanza kukuvuta kabla ya kukuuliza lolote, mwache na uondoke.

Je, inasaidia kweli?

Inasaidia kwa kiasi, na kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwezi Desemba 2023 kuhusu maumivu ya kiuno yaliyodumu zaidi ya miezi 3 unataja tiba ya mikono kwenye uti wa mgongo na kuchua miongoni mwa mambo yanayoweza kutolewa, pamoja na mazoezi na kumwelimisha mgonjwa. Mwongozo huohuo haupendekezi mikanda ya kiuno wala kuvutwa kwa vyuma kama tiba ya kawaida, na hapa nawakumbuka wagonjwa waliouza kuku wao ili wanunue mkanda. Mikono yetu hupunguza maumivu kwa muda ili uweze kufanya mazoezi, na mazoezi ndiyo yanayoshikilia nafuu hiyo. Anayekuambia kwamba utahitaji kunyooshwa kila wiki maisha yako yote anahitaji fedha zako.

Nikisikia "ko!" ina maana pingili iliyohama imerudi mahali pake?

Hapana. Ndani ya kiungo kuna majimaji yenye gesi iliyoyeyuka. Nyuso za kiungo zinapoachanishwa kwa ghafla, shinikizo hushuka, povu la gesi hutokea, na huo ndio mlio, sawa kabisa na wa vidole unavyovivuta vikalia. Pingili za mtu ambaye hakupata ajali kubwa hazihami na kurudi kama kete za bao. Mlio hauthibitishi kwamba umepona, na kutokuwapo kwake hakuthibitishi kwamba tiba imeshindikana.

Kinyozi wangu akimaliza kuninyoa hunishika kidevu na kisogo, akanizungusha shingo mpaka ilie. Najisikia vizuri. Kuna ubaya?

Upo. Kwenye pingili za shingo kuna vitundu vya pembeni, na ndani yake mmepita mishipa miwili ya damu inayopanda kwenda sehemu ya nyuma ya ubongo. Shingo ikizungushwa kwa ghafla na kwa nguvu, ukuta wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda hapo, na bonge likapanda mpaka kwenye ubongo. Matokeo yake ni kiharusi, hata kwa kijana. Halitokei mara nyingi, na ndiyo maana vinyozi wanaendelea kulifanya. Lakini likitokea haliombwi radhi likaondoka. Kinyozi hajui kama mishipa yako ina tatizo, hajui shinikizo lako la damu, na hakukuuliza. Mwambie kwa adabu: ninyoe, shingo niachie.

Ikiwa baada ya kuzungushwa shingo umepata maumivu mapya makali ya shingo au kichwa, kizunguzungu, kuona vitu viwiliviwili, ulimi mzito, uso kupinda upande mmoja au kuyumba unapotembea, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mguu umeanza kufa ganzi na unakosa nguvu. Je, nikandwe kwanza, nione itakavyokuwa?

Hapana. Kwa swali hili sina jibu jingine.

Mwendesha bodaboda mmoja, mwenye miaka thelathini na kitu, aliletwa kwetu na mkewe. Alipovuka mlango, kandambili ya mguu wa kushoto ilibaki kizingitini, naye akaendelea kutembea bila habari. Mkewe aliiokota na kuinama kumvisha, kama mtu aliyekwishaizoea kazi hiyo. Nilipomwuliza alikojoa lini mara ya mwisho, alimtazama mkewe kwanza, kisha akasema jana asubuhi. Nilimgusa kwa pamba kwenye makalio na mapajani kwa ndani, sehemu ambazo zingekaa juu ya kiti cha pikipiki, na hakuhisi pamba. Kwa siku 9 alikuwa akikandwa kwa mafuta ya moto, na mara mbili mtoto alipandishwa juu yake amkanyage kiuno. Alipewa rufaa na kufanyiwa upasuaji. Leo anatembea kwa gongo, na mkojo anautoa kwa mpira.

Sababu yake inaeleweka. Ugwe mgongo wa mtu mzima huishia karibu na pingili za kwanza na za pili za kiuno. Chini ya hapo hubaki fungu la mishipa ya fahamu inayoning'inia, ambayo madaktari waliifananisha na mkia wa farasi. Diski kubwa ikichomoka na kulibana fungu hilo, mishipa inayoongoza kibofu, haja kubwa, nguvu za kiume na miguu hunyimwa damu na kuanza kufa. Upasuaji wa kuiondolea mzigo hufaa zaidi ukifanyika mapema, ndani ya siku moja au mbili tangu dalili zianze. Kila anayekukanda katika muda huo, hata awe na mikono ya baraka, anakupotezea saa ambazo huwezi kuzirudisha.

Kwa hiyo, ukiwa na maumivu ya mgongo na ukaona hata moja kati ya haya: mguu kulegea au kidole gumba kushindwa kuinuka, ganzi kwenye sehemu za siri au makalio, mkojo kugoma au kutoka bila wewe kujua, haja kubwa kukuponyoka, basi usikandwe, usikanyagwe, usinyooshwe na mtu yeyote, nikiwemo mimi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama ni sikukuu.

Lakini mkandaji huyohuyo alimponya mama mwaka jana. Tusimjaribu hata siku mbili?

Hapana, tafadhali. Mwaka jana mama alikuwa na misuli iliyokaza, na huenda angepona hata bila mkandaji. Mwaka huu mguu umekosa nguvu, na huo ni ugonjwa mwingine ingawa mahali panapouma ni palepale. Siku hizo mbili mnazotaka kujaribu ndizo ambazo daktari wa upasuaji alizihitaji. Nawaheshimu wazee wetu wanaokanda, na walio waangalifu kati yao wakiona mguu umelegea huwaambia ndugu wampeleke mgonjwa hospitali. Wenye kusema "tuongeze siku saba" ndio ninaowalaumu waziwazi.

Ni nani mwingine asiyefaa kunyooshwa mgongo kabla ya kupimwa?

Wa kwanza ni mtu mwenye maumivu ya mgongo ya wiki nyingi pamoja na homa za jioni, kutokwa jasho usiku na kukonda. Huenda ana kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho huila pingili taratibu mpaka ikabomoka na kibyongo kikajitokeza. Si lazima awe anakohoa. Hili nalirudia kwa sababu familia nyingi hukataa kuamini kwamba ni kifua kikuu bila kikohozi. Dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali Tanzania, na mgonjwa anayeanza mapema huweza kupona bila kilema. Pingili iliyokwisha kuliwa kisha ikakanyagwa inaweza kuvunjika na kuubana ugwe mgongo.

Wa pili ni mzee mwenye maumivu mapya yasiyotulia hata akilala, hasa mwanamume mwenye shida ya tezi dume na mwanamke aliyewahi kutibiwa saratani ya matiti, kwa kuwa saratani ya tezi dume na ya matiti hupenda kuhamia kwenye mifupa. Wa tatu ni aliyeanguka mnazini, mwembeni au kwenye pikipiki. Hao wote waanze kwa daktari.

Nikiwa na maumivu ya kawaida, nilale mpaka yaishe?

Usilale. Pumzika siku moja au mbili kama maumivu ni makali, kisha anza kutembea ndani ya uwanja wa nyumba, dakika chache mara kadhaa kwa siku, ukiongeza kidogokidogo. Mwili unaolazwa wiki mbili hulegea misuli, na misuli iliyolegea haiwezi kuubeba mgongo. Kulala sakafuni si dawa pia.

Na zile sindano za maumivu za duka la dawa?

Zinanyamazisha tu. Diklofenaki na jamaa zake, zikitumiwa mfululizo bila ushauri, huchubua tumbo na kuumiza figo, na nimeona watu waliokuja kwa ajili ya kiuno wakalazwa kwa kutapika damu. Mwenye vidonda vya tumbo, presha au ugonjwa wa figo asizinunue bila kumwona daktari.

Picha ya eksirei imeonyesha "pingili zimesagika". Je, ndiyo basi tena?

Hapana. Diski hupungua unene kadiri miaka inavyokwenda, kama nywele zinavyopata mvi, na watu wengi wasio na maumivu yoyote wangepigwa picha wangepewa maneno hayohayo. Mweleze daktari unachoshindwa kufanya. Hilo lina uzito kuliko karatasi. Eksirei pia haionyeshi mishipa ya fahamu, kwa hiyo mwenye mguu uliolegea asitulizwe na picha "nzuri".

Mgonjwa yuko nyumbani, miguu haina nguvu, na usafiri uliopo ni bodaboda. Tumlete vipi?

Msimpakate katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Tafuteni bajaji, gari la mizigo au gari la jirani, mumlaze ubavu au chali juu ya godoro kwa namna inayompunguzia maumivu. Ikiwa ameanguka au amepata ajali, msimkalishe wala kumgeuza shingo: wanyanyuaji wawe wanne au zaidi, mmoja ashike kichwa kikae sawa na mwili, na wote wainue kwa neno moja. Akiwa na dalili za mkojo nilizozitaja, asipewe chakula njiani, kwa kuwa huenda akaingizwa chumba cha upasuaji leo hii. Na kabla ya kuondoka, mwulizeni alikojoa saa ngapi mara ya mwisho na mguu ulianza kulegea siku gani, muandike kwenye karatasi, kwa sababu hayo ndiyo maswali ya kwanza atakayouliza daktari mtakapofika.