"Ukoo wao una kichaa": maneno ya barazani Tanga na ukweli wake

Posa ya binti wa dada yangu mkubwa ilirudishwa. Washenga walikuja Ngamiani, mazungumzo yakaenda vizuri, kisha mtu akanong'ona kwamba mjomba wa binti ana ugonjwa wa akili. Wiki haikuisha, tukaletewa ujumbe: wamesitisha. Mjomba huyo ni mdogo wangu, na ana skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mtu huweza kusikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyasikia masikioni mwangu, mengine kutoka kwa watu wanaotupenda.

"Ukishakuwa kwenye damu, hakuna atakayenusurika."

Ni kweli kwamba kurithi kuna nafasi kubwa katika ugonjwa huu. Ila kinachorithiwa ni uwezekano, siyo ugonjwa wenyewe. Katika watu 100 wa kawaida, karibu mmoja huupata maishani. Mtoto wa mzazi mmoja mgonjwa, uwezekano wake ni kama 10 kwa 100, maana yake 90 hawaugui. Kwa mtoto wa dada au kaka unashuka chini ya 5, na huyo ndiye binti aliyeachwa. Hata mapacha wa kufanana, ambao vinasaba vyao, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, ni vilevile, mmoja akiugua mwenzake mara nyingi hubaki mzima. Na wagonjwa walio wengi hawana baba wala mama mwenye ugonjwa huu.

Hakuna kinasaba kimoja cha kichaa. Utafiti mkubwa wa kimataifa wa mwaka 2022, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 70,000, ulipata maeneo 287 ya vinasaba yanayohusiana na skizofrenia. Karibu kila moja huongeza hatari kwa chembe tu. Wewe unayesoma umebeba baadhi yake, na nyumba iliyorudisha posa imebeba pia. Yako mabadiliko machache yenye nguvu, kama kukosa kipande fulani cha kromosomu ya 22 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba vinasaba), lakini ni adimu. Kisha kuna mambo ya nje: matatizo wakati wa kuzaliwa, mateso ya utotoni, bangi nyingi ujanani.

"Apigwe picha ya ubongo, itaonekana."

Nusura tuchange hela kwa ajili hiyo. Ukichukua wagonjwa wengi na wazima wengi, ukapima wastani, utaona tofauti: vyumba vya maji ndani ya ubongo vimepanuka kidogo, tabaka la nje limekuwa jembamba kidogo. Lakini ubongo wa mgonjwa mmoja unaweza kufanana kabisa na wa jirani yake mzima. Daktari hupiga picha kuhakikisha hakuna uvimbe au jeraha. Skizofrenia huitambua kwa kumsikiliza mgonjwa na wanaoishi naye. Na kwa watu wasiougua lakini waliobeba hatari nyingi ya kurithi, uhusiano wa hatari hiyo na umbo la ubongo ni hafifu sana.

Kinachonigusa ni namna hatari hiyo inavyoweza kufanya kazi. Kila kijana, ubongo wake hupogolewa: miunganisho isiyohitajika huondolewa, kama wakulima wa Muheza wanavyopogoa michungwa. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba aina fulani za kinasaba kiitwacho C4, kinachohusika na kinga ya mwili, huongeza hatari ya skizofrenia. Kwa panya, kinasaba hicho kilionekana kushiriki katika kupogoa huko. Huenda kwa baadhi ya watu panga hupita kupita kiasi. Mdogo wangu alianza kuugua akiwa na miaka 19.

"Ni jini." Sibishani na dua ya mtu, nasi tulisoma. Ila tulichelewa mwaka mzima kwa waganga, na kadiri dawa inavyochelewa ndivyo nafuu inavyokuwa ngumu. Mkoani kwetu kuna hospitali ya wagonjwa wa akili, Lutindi kule Korogwe, tangu enzi za Wajerumani.

"Ana kiburi, hasalimii."

Hili ndilo linaloniuma. Ugonjwa huu hugusa uwezo wa kusoma uso wa mwenzako na kujua anakusudia nini. Hata ndugu wa damu ambao ni wazima, kwa wastani, hupungukiwa kidogo kwenye vipimo vya aina hiyo; pengine mimi pia. Wakati mwingine mgonjwa haoni nia iliyopo, wakati mwingine huona isiyokuwepo.

Na sisi watu wa pwani tunaongea kwa mafumbo. Siku moja jirani aliingia uani amejifunga kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu". Mdogo wangu aliisoma, akafunga mlango, na siku mbili hakugusa chakula kilichotoka nyumba ile. Kwetu kanga husema kweli, basi ungemwambiaje kwamba hii haikumsema yeye?

Jirani aliposikia, hakukasirika. Siku hizi akija hukaa mbele yake, humwita kwa jina, na huanza na maneno ya wazi: "Kanga hii nimeipenda rangi, nimeinunua sokoni jana. Nimekuletea mihogo, tule." Mdogo wangu humwamkia, wakala.