Mgahawa wa chai wa familia: bei ya kikombe na jasho la nyumbani

Watu wanaoniuliza jinsi ya kuendesha mgahawa wa chai katika mji mdogo huanza, karibu wote, na mtaji na eneo: zinahitajika shilingi ngapi, na je, ni afadhali kukaa stendi au sokoni. Ni maswali ya haki. Hata hivyo, kwa kazi yangu ya uhasibu na kwa kusimama kaunta katika mgahawa wa familia yetu hapa Muheza, nimeona migahawa michache mno iliyofungwa kwa kukosa wanywaji. Mingi hufungwa ilhali mabenchi yamejaa, kwa sababu jasho la familia halikuwahi kuingizwa katika bei ya kikombe, wala kile ambacho familia inakula hakikuwahi kuandikwa popote.

Muheza ni mji uliojaliwa kwa biashara hii. Uko kwenye barabara ya kutoka Segera kwenda Tanga, chini ya milima ya Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani mwaka 1902 na ambako chai inalimwa hadi leo. Maziwa hutoka kwa wafugaji wa jirani, na msimu wa machungwa ukifika, madereva na wapakiaji wa malori hutaka chai kabla hakujapambazuka. Malighafi ipo, mnywaji yupo. Kinachohitajika ni kipimo.

Chukua sufuria ya lita kumi, nusu maziwa na nusu maji. Ikiwa kikombe chako kinabeba robo lita, kwenye karatasi sufuria hiyo inatoa vikombe 40, lakini kwa vitendo haitoi idadi hiyo, kwani mvuke huchukua chake, majani hunyonya, na kingine humwagika wakati wa kuchuja; ukipata vikombe 36 umefanya vizuri. Sasa ondoa vile vya nyumbani: watoto kabla ya kwenda shule, shangazi aliyepita kusalimia, mgeni wa baba. Vikiwa sita, vinavyobaki kuuzwa ni 30, na hivyo 30 ndivyo vitakavyolipia maziwa, majani, sukari, gesi, pango na mishahara ya sufuria nzima. Anayepanga bei kwa kugawanya gharama kwa 40 ameanza siku akiwa na hasara ambayo hataiona mpaka mwisho wa mwezi. Sisemi familia isinywe chai yake. Nasema iandikwe: katika daftari letu ipo safu ya nyumbani, na kila kikombe na kila andazi linaloliwa na mwenye nyumba linaingia humo.

Maziwa yanastahili uangalifu kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa ndiyo gharama kubwa na ndiyo yanayoharibika upesi. Tunayapima kwa laktomita, kifaa kinachoelea kuonyesha uzito wa maziwa, mbele ya mfugaji mwenyewe, naye akisoma pamoja nasi, maana kupima kwa kificho huzaa manung'uniko na mfugaji ni jirani. Maziwa halisi ya ng'ombe, katika joto la nyuzi 20, kwa kawaida husoma kati ya 28 na 32. Yakisoma chini ya hapo, kuna shaka ya maji. Laktomita haikwambii kama maziwa yameanza kuchacha, kwa hiyo chemsha kwanza kijiko kimoja pembeni: yakikatika, usiyachanganye na mengine.

Lipo jambo moja ambalo huwagombanisha watu na wafugaji wao bila sababu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa. Ukiitwanga na kuitumbukiza katika maziwa yaliyo vuguvugu, maziwa mazuri kabisa yanaweza kukatika, na lawama zote zikamwendea aliyeyaleta. Tangawizi itangulie katika maji, pamoja na iliki na mdalasini, yatokote sawasawa, kwa sababu joto kali huua kimeng'enya hicho. Kisha yaingie majani, na maziwa yaje mwisho. Majani ya punje ndogo tunayotumia wengi wetu hutoa rangi kwa dakika chache tu. Yakiachwa yachemke nusu saa, chai inakuwa chungu, na mteja hujiongezea sukari ambayo hukuiweka katika hesabu. Ndiyo maana chai yetu huchujwa na kuingia katika chupa mara inapokuwa tayari, wala haikai jikoni ikisubiri wateja.

Chapati nazo zina hesabu yake. Kilo moja ya unga, pamoja na maji na mafuta, hunipa kinyunya cha takriban kilo 1.65. Madonge yakiwa ya gramu 120 napata chapati 13. Mkono ukizoea kukata ya gramu 150 zinakuwa 11. Kwa unga wa kilo kumi uliokandwa pamoja ni chapati 137 dhidi ya 110, tofauti ya chapati 27, na hakuna mteja aliyewahi kushukuru kwa gramu hizo 30. Mizani ndogo ikae mezani, na mpishi apime madonge machache kila asubuhi, hata awe na uzoefu wa miaka mingi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo familia nyingi hulikwepa. Mdogo wangu anayeamka saa kumi alfajiri kusukuma chapati analipwa kila wiki, kiasi kile kile ambacho tungemlipa mtu wa nje, na mama naye analipwa. Wapo wazee wanaoona aibu kumlipa mtoto wao kwa kazi ya nyumbani. Ninawaheshimu, lakini sikubaliani nao hata kidogo. Jiulize: kijana huyo akioa kesho na kuhamia Dar es Salaam, mgahawa utaweza kumwajiri mwingine? Kama hauwezi, basi kile ulichokiita faida kilikuwa ujira wake, na siku atakapokuja kulitambua hilo ataondoka na kinyongo. Fedha za mauzo ziingie kwenye lipa namba ya biashara, si kwenye simu ya mtu, na anayehitaji ada ya shule au nauli aichukue katika mshahara wake.

Mikopo ya wateja iwe na kikomo kinachojulikana na wote walio kaunta, ndugu wakiwemo. Wafugaji wanaotuletea maziwa kwa mali kauli hulipwa siku ile ile ya kila wiki bila kukumbushwa. Leseni ya halmashauri, namba ya mlipakodi (TIN), na vipimo vya afya vya wote wanaogusa chakula havina mjadala. Mwezi wa Ramadhani unataka mpango wake: mchana jiko hupoa, kazi yote huhamia kwenye futari, na uji, maandazi na kaimati hushika nafasi ya chai ya asubuhi, kwa hiyo oda ya maziwa ipunguzwe mapema.

Lililobaki ni umiliki. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, si kampuni. Halina nafsi ya kisheria iliyo tofauti na ya mwenyewe. Mzazi aliyelisajili kwa jina lake peke yake akifariki, sufuria, makabati, akiba na madeni vyote vinaingia katika mirathi, na aliyepika humo tangu ujana wake anaweza kujikuta anasubiri msimamizi wa mirathi pamoja na ndugu ambao hawajawahi kuosha kikombe. Familia ikae mapema wakati mzazi yupo na ana nguvu, iamue kama watasajili ubia au kampuni, iandike vifaa ni vya nani na nani ana hisa kiasi gani, wote watie sahihi mbele ya mwanasheria, na kila mmoja abaki na nakala yake.